Mwana Akimshtaki Baba: Maadili na Lugha kwa Confucius na Socrates



Kauri zilizofukuliwa Kilwa Kisiwani zinaonyesha kuwa bidhaa za China zilifika pwani yetu karne nyingi zilizopita. Mawazo ya Wachina ndiyo tumechelewa kuyasoma. Shuleni tumezoea zaidi majina ya Wagiriki. Nimeombwa nilinganishe mawazo ya pande hizo mbili katika maadili na lugha. Uwanja huo ni mpana mno, kwa hiyo nitashika kesi mbili tu, zote za baba aliyekosa.

Ya kwanza imo katika mazungumzo ya Confucius, aliyeishi kati ya 551 na 479 kabla ya Kristo. Mtawala wa She alimsifia mtu mmoja wa kwao kuwa ni mnyofu kweli kweli: baba yake alipoiba kondoo, yeye mwenyewe alitoa ushahidi dhidi yake. Confucius akajibu kuwa kwao unyofu ni kitu kingine. Baba humsitiri mwana, na mwana humsitiri baba.

Ya pili ni ya Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, kama alivyoiandika Plato. Socrates, naye akiwa ameshtakiwa, anakutana na Euthyphro aliyekuja kumshtaki baba yake kwa mauaji. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni, kisha akatuma mtu mjini kuuliza afanyweje. Mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Ndugu wote wamemkasirikia Euthyphro, lakini Socrates hamwambii ashtaki wala aache. Kwa kuwa Euthyphro anadai tendo lake ni la uchaji, anamtaka aeleze uchaji wenyewe ni nini, ile sifa moja inayofanya kila tendo la uchaji liitwe hivyo. Kila jibu linabomoka, na mwishowe Euthyphro anaaga kwa haraka.

Hapo ndipo njia zinapoachana, na zinaachania kwenye lugha. Kwa Socrates, neno ni jambo la kuchunguzwa mpaka maana yake ishikwe, maana isiyopinda kwa sababu mtuhumiwa ni baba yako. Kwa Confucius, jina ni dhamana. Mwanafunzi wake Zilu alipomuuliza angeanza na lipi akipewa serikali, alijibu kuwa angesahihisha majina. Kama alivyosema kwingine, baba awe baba, mwana awe mwana. Majina yakipotoka, hata adhabu hazitakuwa za haki.

Sisi tuliolelewa katika koo za Kimwera, ambako nasaba huhesabiwa upande wa mama, hatuhitaji mkalimani hapo. Ukimwita mtu mjomba, umempa neno zito katika posa yako na nafasi ya mbele katika msiba wako, naye akikwepa ataulizwa na ukoo mzima.

Lakini jina hilo hilo linaweza kuwa kichaka. Mtoto anaharibiwa na ndugu wa karibu, wakubwa wanaketi barazani, wanalipana fidia, kesi inakufa kwa kukosa shahidi. Wanasema wamesitiriana. Hapo namhitaji Socrates na ukaidi wake wote: aulize anayesitiriwa ni nani, na anayelipia sitara hiyo ni nani. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa haki za mtoto zinapovunjwa, na haikumtoa mjomba wala baba.

Wachina wenyewe wameendelea kulipima suala hili. Marekebisho yao ya mwaka 2012 kuhusu mwenendo wa mashauri ya jinai yalisema mahakama isimlazimishe mwenzi, mzazi wala mtoto wa mshtakiwa kufika kutoa ushahidi. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyofuata mapokeo ya Waingereza, inamlinda mume na mke tu, na ulinzi huo unaondoka pale kosa linapomgusa mwenzi au watoto.

Mimi naona mawazo ya Confucius na ya Socrates yanafaa kuunganishwa. Mwana asilazimishwe kusimama kizimbani kwa ajili ya kondoo wa baba yake. Aliyeumizwa akiwa mtoto, au mtu asiye na wa kumsemea kama yule kibarua wa shimoni, kinga hiyo isitumike dhidi yake. Naomba tuanze mjadala na swali la kibarua, kwa kuwa katika simulizi yote hata jina hakupewa.