Bunduki Yenye Kufichwa: Maongezi na Wamama wa Kiliniki

Mumekuja leo kwa kilo ya watoto na kwa sindano zao. Mbele ya kuanza kupima, tuongee kidogo. Siku zingine tunaongea juu ya kuhara, juu ya malaria, juu ya uji wa mtoto. Leo tutaongea juu ya kitu kingine chenye kuua watoto, na hakuna sindano ya kukizuia. Ni bunduki yenye kufichwa. Ni ile ya chini ya matela, ile ya ndani ya sanduku la nguo, na ile ya ndani ya koti ya mtu anayekaa karibu na wewe sokoni ao kanisani.

Pengine mama mmoja atauliza: "Munganga, ile si mambo ya basoda? Sisi wamama tunaingilia wapi?" Ulizo ni zuri. Lakini nani anatandika kitanda? Nani anafagia chini yake? Nani anajua vitu vyote vya sanduku? Ni wewe mama. Kwa hiyo maneno haya ni yako pia.

Mabishano ya watu wa Marekani

Tutazame kwanza inchi nyingine. Wengi kati yenu muko na ndugu walioenda Marekani kama wakimbizi, na watoto wao wanasoma kule. Katika inchi ile watu wanabishana tangu miaka mingi juu ya ulizo hili: raia akubaliwe kutembea na bunduki ndani ya nguo zake, hata masomoni na pahali pa watu wengi, ao akatazwe?

Wale wanaosema akubaliwe wako na sababu zao. Wanasema: mtu mubaya haombi ruhusa. Akiingia masomoni na bunduki, polisi watafika nyuma, watoto wamekwisha kufa. Afazali mwalimu ao mzazi awe na yake. Na kweli, mwezi wa 7 mwaka 2022, ndani ya soko kubwa la mji wa Greenwood, jimbo la Indiana, mtu mmoja aliua watu 3, na kijana raia mwenye bunduki akamupiga na kumusimamisha. Hatuwezi kuficha jambo hilo. Mwaka ule ule wa 2022 baraza kubwa la hukumu la Marekani lilisema kwamba raia yuko na haki ya kubeba bunduki njiani, lakini masomo na nyumba za serkali zinaweza kukatazwa. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 yanaacha mtu mzima abebe bunduki yenye kufichwa bila karatasi ya ruhusa. Katika majimbo mengine, kama Utah na Tennessee, sheria inaweza kumuruhusu mwalimu kuwa nayo masomoni.

Wale wanaosema akatazwe wanajibu kwa mambo yaliyotokea. Mwezi wa 5 mwaka 2022, kwenye masomo ya Uvalde, jimbo la Texas, kijana mmoja aliua watoto 19 na walimu 2. Polisi zaidi ya 370 walifika na bunduki zao, lakini dakika 77 zilipita mbele ya kumuua yule kijana. Basi, bunduki nyingi zilikuwa pale, na watoto walikufa.

Wanasema tena: bunduki ya mtu mwema inaweza kugeuka. Mwaka 2014 kule Utah, mwalimu mmoja alikuwa na bunduki yake kwa ruhusa ya sheria. Ikalia bila yeye kutaka, ndani ya choo cha masomo, ikamuumiza mguu. Mwezi wa 12 wa mwaka ule, katika duka kubwa la jimbo la Idaho, mama mmoja alikuwa na bunduki ndogo ndani ya sakoshi. Ruhusa alikuwa nayo. Mtoto wake wa miaka 2 alikuwa ameketi ndani ya kigari cha kutia vitu. Mtoto akaingiza mkono ndani ya sakoshi. Bunduki ikalia, mama akafa. Na mwezi wa kwanza mwaka 2023, katika jimbo la Virginia, mwanafunzi wa miaka 6 alipeleka masomoni bunduki ya mama yake, akamupiga mwalimu wake. Mwalimu alipona, lakini kwa taabu kubwa. Bunduki ile ilinunuliwa kwa kufuata sheria. Mama ya mtoto akafungwa.

Tazameni, wamama: mama wa Idaho hakuwa mtu mubaya. Alibeba bunduki kwa kujilinda. Katika inchi ile, tangu mwaka 2020, risasi zimepita ajali za motokari kwa kuua watoto na vijana wa miaka 1 mpaka 19.

Na kwetu Kongo?

Kwetu hatuna mabishano ya namna ile. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985 inakataza mtu kuwa na bunduki bila ruhusa ya serkali. Lakini munajua ninyi wenyewe kama sheria iko ya namna moja na maisha iko ya namna ingine. Vita imepita na kurudi kwetu mara nyingi. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati M23 walipoingia Goma, wapiganaji wengi walitupa bunduki na nguo za vita, hata katikati ya nyumba za watu. Hizo zote hazikuokotwa na wakubwa. Zingine zimelala ndani ya nyumba, na watoto wanalala katika nyumba zile zile.

Munaona kwenye mlango wa hospitali nyingi za kwetu ile picha ya bunduki ndani ya duara nyekundu, na mustari umepita juu yake. Maana yake: mgonjwa aingie, bunduki ibaki inje. Haijalishi ni ya nani. Juu gani? Kwa sababu pahali penye bunduki, bunduki ingine itaifuata, na wagonjwa watakuwa katikati. Ni vile vile kwa masomo. Mwaka 2016 serkali ya Kongo ilikubali Tangazo la Masomo Salama, lenye kuomba wapiganaji wasikae ndani ya masomo. Mtu akileta bunduki masomoni, hata kwa kulinda, anafanya masomo yawe pahali pa kupigania.

Mtoto anajua pahali unaficha

Mzazi anasema: "Nimeificha vizuri, mutoto hajui." Mama, sukari unaficha wapi? Mandazi unaficha wapi? Mtoto anajua! Yeye anashinda ndani ya nyumba siku nzima. Anapanda juu ya kiti, anaingia chini ya kitanda, anafungua kila kitu.

Tena munafikiri kidole chake hakina nguvu. Ule mtoto wa Idaho alikuwa na miaka 2 tu. Na mtoto mkubwa kidogo ameona basoda njiani, anajua namna wanashika. Atawaonyesha wenzake. Hatafuti kuua. Anacheza.

Na mwili wa mtoto hauvumilii. Mtoto wa kilo 10 hana hata lita moja nzima ya damu ndani ya mwili wake. Akipoteza damu ya kujaza kikombe kimoja cha chai, yuko katika hatari. Mtu mzima anaweza kufika hospitali na kidonda ambacho kwa mtoto ni kifo njiani. Risasi ya bunduki ya vita haisimami kwenye ukuta wa mbao wala wa udongo. Inapita mpaka kwa jirani. Hata ile inayopigwa juu siku ya arusi ao ya mupira inarudi chini, na inaweza kuua mtu asiyejua neno.

"Lakini wezi wanakuja usiku"

Hapa baba ya watoto atasema: "Polisi wako mbali. Wezi wanakuja na silaha. Munataka niwangoje mikono mitupu?" Wamama, tusimucheke baba huyu. Woga wake ni wa kweli, na anapenda watoto wake. Lakini muongee naye kwa upole, wakati amepumzika na wageni hawako. Umwambie:

"Baba ya watoto, wezi wanakuja wengi, na silaha zao ziko mkononi. Yetu iko ndani ya sanduku, katika giza. Ukiiweka mbali na watoto, hutaifikia kwa haraka. Ukiiweka karibu na wewe, watoto nao wataifikia. Na watu wenye kutafuta bunduki wakisikia kama tuko nayo, watakuja kwa sababu yake. Mwizi pengine hatakuja mwaka huu. Mtoto iko hapa kila siku."

Kisha mutafute pamoja njia ingine ya kujilinda. Katika kartie nyingi watu wamepatana filimbi na sufuria: mmoja akisikia wezi anapiga, jirani anapiga, mpaka barabara yote inaamka. Njia ile haimalizi wezi wote, lakini hakuna mtoto anayekufa kwa kucheza na sufuria.

Mambo ya kufanya

1. Kama bunduki iko nyumbani bila ruhusa, itoke. Usiibebe wewe mwenyewe njiani, na usiilete kiliniki. Baba na wewe muongee na mkubwa munayemtumaini, pasta, padri ao shefu wa kartie, ili mujue njia ya kuirudisha bila hatari. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 2003, kule Katanga mpango wa makanisa ulioitwa PAREC ulipokea bunduki na kumupa mtu baiskeli. Basi, bunduki inaweza kutoka.

2. Kama bwana yako ni askari ao polisi, na kazi inamufanya arudi nayo, umwombe atoe risasi zote mbele ya kuingia, mbali na watu. Bunduki ifungwe kwa funguo. Risasi ziwekwe pahali pengine, nazo zifungwe. Funguo akae nazo yeye mwenyewe. Chini ya matela si pahali pa kuweka bunduki.

3. Fundisha watoto maneno matatu: usiguse, ondoka, uambie mkubwa. Ni hivyo pia kwa gurunedi na kila chuma wasichokijua. Lakini usitumaini maneno tu. Mtoto mdogo anasahau.

4. Mbele ya kuacha mtoto kwa jirani ao kwa ndugu, uliza: "Mama, bunduki iko hapa?" Usione haya. Unauliza pia kama mbwa wao anauma.

5. Kama kijana anapeleka silaha masomoni, mwambie mkubwa wa masomo siku ile ile. Usingoje kesho.

Kama mtoto amepigwa risasi

Chukua kitambaa safi, hata kipande cha kitenge, kamata juu ya kidonda na mikono miwili, ukaze sana, usiachilie. Damu ikipita, ongeza kitambaa kingine juu, usitoe cha kwanza. Usitafute risasi kwa kidole wala kwa kisu. Usitie majani, mafuta wala udongo. Usimupe kula wala kunywa, sababu pengine atapasuliwa. Mulaze, mufunike asipate baridi, mukimbie hospitali kwa motokari ao moto ya kwanza munayopata. Hata kidonda kidogo, mumulete: tundu la inje linaweza kuwa dogo na ndani pameharibika sana. Atahitaji pia kupimwa juu ya sindano ya tetanosi.

Na musimufiche mtoto nyumbani kwa kuogopa maulizo. Wazazi wengine wanangoja usiku kwa sababu bunduki ilikuwa ya baba, na mtoto anaisha damu. Kazi ya hospitali ni kutunza. Mulete kwanza.

Maulizo ya kujibu pamoja

Mama wa Idaho alikuwa na ruhusa. Juu gani ruhusa haikumuponyesha? Nyumbani kwako mtoto anaweza kufika wapi akipanda juu ya kiti? Leo jioni utamwambia nini baba ya watoto? Kila mmoja amujibu mwenzake mwenye kuketi karibu naye.

Basi, wamama, tuanze sasa kilo. Mwenye mtoto wa homa apite mbele, na kila mmoja ashike karatasi yake mkononi. Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.