Mfupa Ndani ya Mshipa



Mwaka 1991 watu waliokuwa wakipanda milima ya Alps walikuta maiti iliyolala kwenye barafu takribani miaka 5,300. Wataalamu walipompima Ötzi, kama alivyokuja kuitwa, waliona chokaa kwenye mishipa yake. Chipsi hakuzijua, sigara hakuiona.

Kwa muda mrefu chokaa hiyo ilichukuliwa kuwa alama ya uzee tu, mfano wa ukoko mweupe ndani ya birika la maji ya kisima. Panya ndio waliovuruga mawazo hayo. Mwaka 1997 kundi la Gérard Karsenty, Houston, lilieleza habari za panya waliozaliwa bila jeni ya protini moja, MGP. Hawakumaliza miezi miwili: ateri zao zilikakamaa, zikapasuka. Kumbe damu ya kila mtu ina kalisiamu na fosfati za kutosha kufanya uharibifu huo, na mwili hushinda ukiuzuia.

Huko Seattle, maabara ya Cecilia Giachelli ikaonyesha kwamba fosfati ikizidi, seli za misuli ya mshipa huanza kujifanya seli za mfupa. Wagonjwa wa figo, ambao miili yao hushindwa kutoa fosfati ya ziada, wanalijua jambo hilo kwa gharama kubwa.

Mtihani mgumu zaidi uko kwenye milango ya moyo, yaani valvu. Miaka ya 1960 Alain Carpentier, Paris, alitibu valvu za nguruwe kwa kemikali ya glutaraldehaidi ili mwili wa binadamu uzipokee mahali pa valvu zilizoharibika. Kwa mzee zinafaa sana. Kwa mtoto huota chokaa upesi, na kifua hulazimika kufunguliwa tena. Valvu ya kimakanika hudumu, lakini humfunga mgonjwa kwa vidonge vya warfarin, vya kuzuia damu kuganda, na vipimo vya damu maisha yote. Binti akishika mimba, kidonge hichohicho kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tena warfarin huzuia vitamini K, ambayo bila yake MGP haifanyi kazi! Afrika Mashariki, ambako homa ya baridi yabisi huharibu mioyo ya vijana wengi, uchaguzi huu si wa vitabuni.

Wahitimu wa leo, wapo kati yenu watakaokwenda wodini, wapo watakaobaki maabara. Wote watakuta hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuondoa chokaa kwenye valvu, na valvu ya bandia itakayokua pamoja na mtoto, bila vidonge wala upasuaji wa pili, bado inasubiri wa kuitengeneza.