Tumsikie Mwimbaji
Maneno ya kikundi chetu cha muziki kwa wanachama, Al Thumama, Doha

 

Tumeombwa tuseme machache kuhusu muziki wa sherehe ya Uhuru, na tunaanza kwa kuomba radhi. Mwaka jana tulipiga kwa nguvu mno na maneno hayakusikika. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake, "Hawa wanaimba kwa lugha gani?" Swali lile lilituchoma. Watoto wetu wengi wanakulia hapa, na Kiswahili wanakipata nyumbani na kwenye nyimbo. Maneno yakipotea, tunakuwa tumewapa kelele tu.

Tulikaa tukatafuta kosa. Kwanza tuliilaumu kompresa tuliyoiweka kwenye sauti za waimbaji. Kompresa ni kama mkono ulioshika kitasa cha sauti: mwimbaji akipaza, unamshusha. Ikipangwa nne kwa moja, sauti iliyovuka kiwango kwa desibeli 8 hutoka imevuka kwa 2 tu. Kisha fundi huongeza sauti yote kufidia, na hata neno lililoimbwa polepole husikika. Ni kifaa kizuri.

Tatizo lilikuwa jukwaani. Besi, ngoma na magitaa mawili, kila mmoja akiongeza yake ili ajisikie. Maikrofoni haichagui, humchukua mwimbaji pamoja na matoazi yaliyo nyuma yake. Mwimbaji akivuta pumzi, kompresa inaachia, na matoazi yanapanda. Tena, ukiongeza desibeli 6 za kufidia, umesogea desibeli 6 karibu na ule mlio mkali wa spika uliowafanya wazee wazibe masikio.

Wakongwe wetu walilijua jambo hili. Katika muziki wa dansi, wa NUTA Jazz iliyoanza 1964 na wa Mlimani Park iliyoanza 1978, waimbaji hutoa kisa kwanza, magitaa yakiwajibu kwa adabu. Baadaye ndipo linakuja chemko, na hapo magitaa yana ruhusa. Kila mtu na zamu yake.

Basi mwaka huu tumekubaliana hivi. Amplifaya za magitaa tutaziinua juu ya viti na kuzielekeza masikioni mwa mpigaji, maana zikiwa sakafuni zinampigia magotini, naye anazidi kuongeza. Ngoma zitakaa pembeni, mbali na maikrofoni za waimbaji, na mpigaji atatumia vijiti vyepesi. Spika za waimbaji kujisikia tutaziweka mbele yao, zikitazama mgongo wa maikrofoni, upande usiosikia sana. Waimbaji nao washike maikrofoni vidole viwili kutoka mdomoni. Umbali ukipungua nusu, sauti huongezeka karibu desibeli 6 bila kugusa kitasa. Kompresa itakuja mwisho, ibane desibeli 3 au 4 tu pale mwimbaji anapopaza.

Wapiga magitaa, tunajua inauma kuambiwa punguza. Na sisi ni wapigaji. Lakini tazameni uwanja wetu hapa Al Thumama, uliofunguliwa Oktoba 2021 kwa umbo la kofia. Kofia hukaa juu ya kichwa. Ikishuka masikioni, si kofia tena.

Kabla ya sherehe tutafanya jaribio moja. Mtoto atakaa mstari wa mwisho, nasi tutaimba ubeti mmoja na bendi nzima. Akiweza kuurudia, tuko tayari. Asipoweza, hatutaongeza spika. Tutapunguza jukwaani, tuanze upya, hadi aurudie.

Tarehe 9 Desemba 1961 wazazi wetu waliimba wakasikika. Watoto wetu nao wasikie, ili siku moja waimbe wenyewe.

 Heri ya Uhuru.