Dawa za Mtandaoni: Tupige Hesabu Yote Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Tunajua siku ya mkutano ni siku ya michango na madaftari, kwa hivyo hatutawachosha. Na kwa vile ninyi ni watu wa hesabu, hata sisi tumekuja na hesabu. Ni hesabu ya dawa.

Tunapotembelea vikundi siku hizi, swali moja linarudi mara kwa mara: "Kijana wangu anasema dawa yangu ya presha iko kwa simu, na bei ni nafuu kuliko pale sokoni. Ninunue huko?" Hatujibu ndiyo wala hapana. Tunasema: piga hesabu yote kwanza. Ile bei unayoiona kwa simu ni mwanzo wa bei, si mwisho wake.

Duka lenyewe ni la namna gani?

Ni duka la dawa unalolifikia kwa intaneti. Unachagua dawa, unatuma picha ya karatasi ya daktari, unalipa kwa M-Pesa, kisha dawa inaletwa kwa bodaboda au kwa kifurushi cha basi. Hapa Kenya jambo hili si geni. MyDawa, kwa mfano, ilianza mwaka wa 2017. Yako maduka ya mtandaoni yaliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na yana mfamasia wa kujibu maswali. Lakini wako pia watu wanaouza dawa kwa WhatsApp na Facebook bila usajili wowote, na hujui wameketi wapi. Kwa simu wote wanaonekana sawa. Hawako sawa.

Hesabu ya mwezi mmoja

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake.

Mama mmoja anameza kidonge kimoja cha presha kila siku. Sokoni, vidonge 30 ni shilingi 450. Nauli ya kwenda na kurudi ni 200. Jumla ni 650.

Kwa simu, vidonge hivyo hivyo ni shilingi 300. Anafurahi! Lakini kuleta kifurushi ni 250. Bando na ada ya kutuma pesa ni 40. Bodaboda ya kwenda steji kuchukua mzigo na kurudi ni 100. Jumla ni 690. Mnaona? Dawa iliyoonekana nafuu kwa shilingi 150 imegeuka kuwa ghali kwa shilingi 40.

Sasa tugeuze. Daktari wake amemwandikia dawa ya miezi mitatu. Akiagiza yote mara moja kwa simu, analipa 900 za dawa na 390 za usafiri na ada, yaani 1,290. Akienda sokoni mara moja kununua ya miezi mitatu, analipa 1,350 za dawa na nauli 200, yaani 1,550. Hapa simu imemwokolea shilingi 260. Shida ni kwamba hizo 1,290 zinahitajika kwa siku moja, na si kila nyumba inazo.

Kwa hivyo dawa ni ile ile na duka ni lile lile, lakini jibu limebadilika. Ndiyo sababu hatuwezi kuwaambia kwa jumla kwamba mtandao ni ghali au ni nafuu. Kila mtu apige hesabu yake.

Angalieni pia pakiti. Pakiti nyingine zina vidonge 28, nyingine 30. Nyingine ni za miligramu 5, nyingine 10. Ukilinganisha pakiti kwa pakiti utadanganyika. Gawanya bei kwa idadi ya vidonge, upate bei ya kidonge kimoja chenye nguvu ile ile aliyoandika daktari.

Jina la dawa na jina la kampuni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kila dawa ina jina lake yenyewe, na kila kampuni inayoitengeneza inaweza kuipa jina la biashara. Ni kama unga wa mahindi: paketi zina majina mengi, lakini ndani ni unga. Amlodipine ya presha au metformin ya sukari huuzwa kwa majina mengi ya kampuni, na bei zinapishana sana. Mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe, kisha mumwulize mfamasia ile ya bei nafuu iliyosajiliwa.

Wengine wanasema dawa ya bei ya chini haina nguvu. Si kweli, mradi imepimwa na kusajiliwa. Hospitali zetu nyingi za misheni hupata dawa za namna hii kutoka MEDS, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1986 na Kanisa Katoliki pamoja na makanisa mengine.

Lakini jina linaweza pia kuleta hatari. Katika kikundi kimoja tulikutana na mama aliyekuwa akipata dawa ya presha hospitalini. Mwanawe aliye mjini akamwagizia nyingine kwa simu ili amsaidie. Pakiti ilikuwa na rangi nyingine na jina lingine, mama akadhani ni dawa mpya ya kuongeza nguvu. Akameza zote mbili. Akaanza kuona kizunguzungu, miguu ikavimba. Muuguzi aliposoma maandishi madogo chini ya jina kubwa, akakuta ni dawa moja. Upendo wa mtoto ulikuwa wa kweli, lakini hakuna aliyemweleza mama. Someni yale maandishi madogo, na kama macho hayaoni vizuri, mpeni mtu asome.

Gharama zisizoandikwa popote

Kwanza, siku za kungoja. Kifurushi kikichelewa siku nne, je, mgonjwa amebaki na vidonge vya kutosha? Presha haingoji basi. Anayeacha dawa anaweza kupata kiharusi, na gharama ya kiharusi ni hospitali, shamba lisilolimwa, na mtu mmoja wa nyumbani aliyeacha kazi ili amhudumie. Agizeni mkiwa bado na dawa ya wiki mbili.

Pili, joto. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda kwenye buti ya matatu inaharibika, na kwa macho unaweza usitambue. Kama muuzaji hana njia ya kuisafirisha katika ubaridi, usinunue.

Tatu, dawa bandia au duni. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia. Za malaria na antibiotiki ni kati ya zile zinazotajwa sana. Dawa ambayo haiponyi, hata ukiuziwa kwa shilingi kumi, ni ghali.

Nne, kurudisha. Dawa si kama viatu. Ikishatoka dukani ni vigumu kurudishwa, kwa hivyo ulizeni kabla ya kulipa: mkituma isiyo yenyewe, nitafanyaje?

Dalili za kukimbia

Muuzaji asiyeuliza karatasi ya daktari kwa dawa inayohitaji karatasi. Asiyetaja mahali duka lilipo. Asiyekupa mfamasia wa kuzungumza naye. Anayetaka pesa zitumwe kwa nambari ya mtu binafsi. Anayeahidi kuponya sukari au presha kabisa. Ukiona hata moja ya hizi, weka simu mfukoni.

Kikundi kifanye nini?

Anzeni na zahanati iliyo karibu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ambaye hajajisajili ajisajili, kisha aulize ni dawa gani anazoweza kupata hapo bila kulipa. Hakuna haja ya kununua kwa simu kitu kilicho mlangoni.

Pili, mkiamua kuagiza, agizeni pamoja. Watu watano wakitumia kifurushi kimoja, zile shilingi 250 zinakuwa 50 kwa kila mtu. Ulizeni kwanza kama duka linakubali. Kila mmoja awe na karatasi yake na pakiti yake yenye jina lake. Gharama ya usafiri tunagawana. Vidonge hatugawani kamwe.

Tatu, wekeni mfuko mdogo wa dawa, kama mnavyoweka wa matanga. Mwanachama akope ya miezi mitatu, alipe kidogo kidogo.

Nne, mtumieni mhudumu wa afya wa jamii. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kuwagawia mikoba yenye vifaa, pamoja na mashine za kupima presha na sukari. Baada ya kuanza pakiti mpya, mwiteni apime. Kipimo kikipanda, msikae nacho nyumbani. Nendeni hospitali na pakiti yenyewe mkononi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni wangapi kati yetu wanaomeza dawa kila siku, na kila mmoja hutumia pesa ngapi kwa mwezi, pamoja na nauli?
2. Nani kati yetu anajua jina la dawa yake yenyewe, si la kampuni? Leteni pakiti mkutano ujao tusome pamoja.
3. Ni nani tunayemwamini atusaidie kuagiza kwa simu, na tutamlindaje asilaumiwe mzigo ukichelewa?
4. Mfuko wa dawa tunaweza kuanza na kiasi gani, na lini?

Katibu aandike majibu. Tukirudi mwezi ujao, tutaanza na swali la pili, kwa hivyo msisahau pakiti zenu.