Kila Mmoja Alidhani Yuko kwa Mwenzake
Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka C (Lk 2:41-52)



Ndugu wasikilizaji wapenzi, leo Mama Kanisa anatualika tuitazame nyumba ya Nazareti. Pengine tungetazamia kuonyeshwa nyumba tulivu, isiyo na jambo. Kumbe Injili ya Dominika hii inatuletea habari ya mtoto aliyepotea. Maria na Yosefu walikwenda Yerusalemu kwa Pasaka, kama ilivyokuwa desturi yao. Sikukuu ilipokwisha, msafara ukashika njia ya kurudi, naye mtoto wa miaka 12 akabaki nyuma. Wazazi wakaenda mwendo wa siku nzima pasipo kujua. Mwinjili Luka hasemi kwamba hawakumpenda, wala kwamba walikuwa wazembe. Asema tu kwamba walimdhania kuwa pamoja na wenzao wa safari. Neno hilo dogo, kudhani, ndilo tunalopenda kulitafakari nanyi asubuhi hii.

Katika siku hizi za Noeli, vijana waliokuja likizo waliutoa kabatini mwa nyumba ya mapadre mkanda wa zamani wa video, wakatuomba tuutazame pamoja. Ilikuwa filamu ya kuchekesha iliyotoka Marekani mwaka 1992, Home Alone 2: Lost in New York, iliyoongozwa na Chris Columbus na kuandikwa na John Hughes. Huo ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 1990, ambamo jamaa nzima ilisafiri kwenda Paris ikamsahau nyumbani mtoto Kevin, aliyeigizwa na Macaulay Culkin. Tulipoitazama mara ya kwanza tulikuwa bado vijana, nasi tulingojea tu wale wezi wawili wateleze na kuangukiwa na vitu. Vijana wetu nao walicheka sana mahali hapo. Tuliwakumbusha kwamba tofali likirushwa kutoka darini huua, na kwamba michezo ya filamu ibaki katika filamu. Lakini safari hii sisi tuliomba mkanda urudishwe nyuma, mpaka kwenye uwanja wa ndege wa Chicago.

Jamaa ile, wazazi, watoto, baba mdogo na binamu, wamechelewa kuamka, nao wanakimbilia ndege ya kwenda Florida. Kevin anasimama kidogo atafute betri za kinasa sauti chake katika mkoba wa baba yake. Akiinua macho, anamwona mbele yake mtu aliyevaa koti kama la baba, anamkimbilia. Anajigonga kwa mhudumu, karatasi za safari zinatawanyika sakafuni. Mhudumu anataka kujua kama watu wake wamo ndegeni. Mtoto anaonyesha lile koti, anaruhusiwa kuketi. Ndege ile yaenda New York. Mtoto alifuata koti, hakuutazama uso.

Na wazazi je? Wanafika Miami, wanapokea mizigo, nao begi la Kevin linapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akimwambia wa pili ampe Kevin. Begi linafika mwisho wa mstari, na mikono ya kulipokea haipo. Ndipo habari inarudi kinyumenyume, kinywa kwa kinywa, hadi kwa mama, naye anapiga kelele na kuzimia. Ndugu zangu, tazameni jambo hili. Wote walikuwa na hakika kwamba Kevin yupo, na kila mmoja alidhani yuko kwa mwenzake.

Hatumlinganishi Mwana wa Mungu na mtoto mtundu wa filamu. Yesu hakupotea kwa utundu. Alikuwa katika mambo ya Baba yake. Lakini uchungu wa mama ni mmoja, na njia ya kumpoteza mtoto ni ile ile: kudhani.

Turudi kwa Kevin. Mkoba wa baba ulikuwa na fedha na kadi ya benki. Kwa kadi hiyo mtoto anapata chumba katika hoteli ya Plaza, anakula aiskrimu apendavyo, anapanda gari refu la kifahari. Kila kitu cha baba anacho, ila baba mwenyewe hayupo. Usiku wa Noeli ukifika, anasimama peke yake mbele ya ule mti mkubwa wa Rockefeller Center, na haombi chumba wala gari. Anaomba amwone mama yake. Na mama anampata pale pale. Si polisi waliomwonyesha mahali. Alikumbuka tu kwamba mwanawe hupenda miti ya Noeli. Aliyemjua mtoto ndiye aliyempata.

Hapa tunajiuliza, wazazi wapendwa. Wengi wetu twawatumia watoto ada na fedha za matumizi kwa simu, na hilo ni jema, tena ni jasho letu. Lakini je, mtoto wako akipotea leo, wajua ungeanzia wapi kumtafuta? Wajua anapenda nini, anaogopa nini, jioni huketi na nani?

Tusiwanyoshee wazazi peke yao kidole. Katika parokia moja tuliyoitumikia zamani, palikuwa na kijana mtumishi wa altare, mpole, mwenye kuwahi kila siku. Katikati ya Kwaresima tukaacha kumwona. Tulidhani mama yake amempeleka shule ya bweni. Katekista alidhani tumemtuma kigangoni. Baada ya Pasaka mama yake akaja sakristia, ameshika sweta lake mkononi, akatuuliza, "Baba, mwanangu yuko kwako, sivyo?" Hatukuwa na la kumjibu. Kijana alikuwa ameondoka kwenda mjini wiki nyingi kabla, na wiki zote hizo tulimwombea kwa jumla pamoja na vijana wote, pasipo kujua kwamba hayupo. Namshukuru Mungu kwamba alipatikana, na leo ni baba wa watoto. Lakini swali la mama yule halijatutoka.

Filamu ile ina mtu mwingine aliyepotea. Ni mwanamke wa makamo ambaye watu humkimbia, akaaye bustanini na njiwa. Aliwahi kupenda, akaachwa, akaamua asimwamini mtu tena. Yeye hakupotea siku moja uwanjani. Alipotea polepole, huku maelfu wakimpita kila siku. Kevin naye alimwogopa kwanza. Baadaye aliketi akamsikiliza, na asubuhi ya Noeli akamkimbilia na pambo moja la hua. Mwenye duka la vitu vya watoto alikuwa amempa mapambo mawili ya hua, moja abaki nalo, la pili ampe rafiki. Nasi Wakristo tunakumbuka kwamba hua wawili, au makinda mawili ya njiwa, ilikuwa sadaka ya maskini, wasioweza kumpata mwana-kondoo. Ndiyo sadaka ambayo Luka aitaja Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto hekaluni. Kumkumbuka mtu hakuhitaji mali nyingi.

Wapendwa katika Kristo, mkanda wa video waweza kurudishwa nyuma. Miaka ya mtoto hairudishwi. Basi leo jioni, kabla ya sala ya familia, msihesabu vichwa tu. Mtazame kila mmoja usoni, mwite kwa jina, muulize habari zake na mngoje ajibu. Enyi makatekista, mnaposoma majina darasani na mtu asiitike, msiandike alama tu mkapita. Nendeni nyumbani kwake wiki hiyo hiyo. Enyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, mulizeni mjane ambaye hamjamwona tangu Noeli. Na tukigundua kwamba tumempoteza mtu, tufanye kama Maria na Yosefu: hawakulaumiana njiani, bali waligeuka mara moja, wakarudi Yerusalemu wakimtafuta.

Tusitazamie kwamba baada ya hapo nyumba zetu zitakuwa kimya. Filamu ile inakwisha kwa sauti ya baba akimpigia mtoto kelele, kwa sababu ya bili ya dola 967 za vyakula vilivyoletwa chumbani hotelini. Hata Nazareti, wazazi hawakulielewa jibu la Mwana wao. Lakini walishuka naye nyumbani, na mama akayaweka yote moyoni.

Ee Yesu, uliyetafutwa kwa uchungu siku tatu, utufundishe kutafutana. Maria na Yosefu, mtuombee. Amina.