Milki Isiyo na Hati: Ng'ombe, Udongo na Nyumba ya Mwami katika Heru



Atakaye kuandika tarikhi ya nyumba yenye mashamba katika nchi ya Wales, mathalani ile ya Penrhyn, ambayo mali yake ilitokana kwa sehemu kubwa na miwa ya Jamaica iliyolimwa kwa jasho la watumwa, hukuta hati, ramani na daftari za kodi zikimngojea katika hifadhi ya nyaraka. Huku Buha, nchi ya Waha, tangu Kasulu hata Kibondo, zilikuwako nyumba za kifalme za Heru, Muhambwe na Buyungu, nazo zilikuwa na milki kubwa isiyopata kuandikwa karatasini wala kupimwa kwa mnyororo. Na dai langu jioni hii ni kwamba milki ile iliandikwa udongoni, na hata leo yasomeka.

Ardhi yenyewe haikuwa ya Mwami, yaani mfalme, peke yake. Muteko, mlinzi wa udongo na wa mizimu yake, alikuwa na haki ambayo watawala wa Kitusi, pamoja na ng'ombe wao wa pembe ndefu, hawakuthubutu kuifuta. Milki ya Mwami ilitembea kwa miguu minne. Mkulima aliyehitaji ng'ombe alimwendea mwenye nazo, naye alipopewa kwa mapatano ya ubugabire, maziwa na samadi vilikuwa vyake, ilhali ng'ombe mwenyewe aliendelea kuhesabiwa kuwa wa yule aliyemtoa, na pamoja na hayo aliyepewa aliwajibika kumtumikia, kumjengea uzio na kumlimia.

Naomba tusimame kidogo katika hiyo samadi, maana wanahistoria wameipita upesi mno. Udongo wa vilima vyetu, ukiachwa pasipo kurutubishwa, huchoka. Migomba hudumu pale zizi linapoulisha. Kwa hiyo aliyenyang'anywa ng'ombe hakupoteza maziwa tu, bali baada ya miaka michache aliona mashina yakikonda na mikungu ikipungua mlangoni pake mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya kabaila: si kumfukuza mtu katika shamba, bali kuliacha shamba limchoke.

Kodi ya Mdachi, na baadaye ya Mwingereza, ilidai fedha taslimu, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikafungua njia ya kwenda mashamba ya mkonge. Vijana wa Kiha wakaenda Tanga kuwa manamba, na aliyerudi salama na akiba yake aliweza kununua ng'ombe asiye na bwana. Siwezi kuusifu mkonge, kwa sababu wengi walirudi wakiwa na kikohozi badala ya akiba. Walakini fundo la ubugabire lilianza kulegea kwa fedha kabla halijalegezwa kwa sheria. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo ambalo lastahili mhadhara wake peke yake. Na mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu nchi nzima.

Ndipo ikafuata mwaka 1972, ambapo watu wa mkoa wa Kigoma walihamishwa kutoka miji yao ya vilimani wakapangwa vijijini kando ya barabara. Mtu aliweza kubeba milango, mitungi na mbuzi; samadi ya vizazi vitatu haibebeki. Nimepita pamoja na mzee mmoja katika mahame ya namna hiyo karibu na Heru Juu, mahali ambapo mgeni haoni ila nyasi, naye akachimba kwa jembe, kwanza upande wa mashariki, udongo mwekundu mtupu, kisha hatua kumi mbele, udongo mweusi, mwororo, unaoshikana mkononi. Akaniambia, "Hapa ndipo alipolala ng'ombe wa Mwami." Kisha akageuka akanionyesha, bila kuchimba, palipokuwa mlango wa baba yake.