Betri Ndogo ya Rimoti na Mtoto Wako

Leo tutazungumza juu ya redio na woofa mnazosikilizia nyumbani, hasa siku zinapogoma.

Wajua mambo yanavyokwenda. Rimoti ya woofa haishiki. Baba anaifungua, anatoa ile betri bapa, anaipangusa kwenye shati, anaiuma kidogo, anairudisha. Bado. Anaiacha mezani na kwenda sokoni Matiliku kutafuta nyingine. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaiona inang'aa kama peremende, anaitia mdomoni.

Betri hiyo huandikwa CR2025 au CR2032. Ina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Yale mawe makubwa ya redio mtoto hawezi kuyameza, lakini hii huteleza na mara nyingi hukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Ikikwama hapo, mate huunganisha pande zake mbili na umeme hupita. Umeme huo hutengeneza magadi makali yanayochoma nyama laini ya mtoto. Kidonda kibaya kinaweza kutokea ndani ya saa 2, na kisipowahiwa hutoboa umio au hata mshipa mkubwa wa damu. Usidanganyike kwamba betri imekufa. Ile iliyoshindwa kuendesha rimoti bado ina umeme wa kutosha kuchoma.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua rimoti, hakikisha kama kuna haja. Washa kamera ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe. Kwa simu nyingi utaona kwenye kioo taa ndogo ikimweka. Ikimweka, betri ni nzima na shida iko kwenye woofa. Pengine ni vumbi tu. Isipomweka, tumia vitufe vya woofa yenyewe mpaka upate betri nyingine. Hakuna wimbo usioweza kungoja! Anayebadilisha betri awe mtu mzima, na ile ya zamani aifunge selotepu pande zote mbili papo hapo, aiweke mahali pa juu. Kifuniko cha rimoti kikiwa kimelegea, kizungushie selotepu pia. Na yale mawe ya redio usiyaweke karibu na moto ili yapate nguvu. Yanaweza kupasuka.

Shida ni kwamba mara nyingi hakuna aliyemwona mtoto akimeza. Atatokwa na mate mengi, atakataa chakula, atakohoa, atatapika au kulia akimeza. Nyanya, au susu kama tunavyomwita hapa Ukambani, atasema ni homa ya kawaida. Lakini kama kuna rimoti iliyofunguliwa na betri haionekani, ondoka nyumbani sasa hivi, hata kama mtoto anacheza.

Usimtapishe. Usimpe ugali wala ndizi ili kuisukuma. Kama ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, huku mkiwa njiani. Asali hupunguza kuchomeka, na hapa kwetu si haba. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Kama huna asali, usizunguke kwa majirani kuitafuta. Panda bodaboda.

Hospitalini sema waziwazi: "Nashuku amemeza betri." Omba picha ya eksirei. Kwenye picha, betri huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, lakini sarafu huonyesha moja. Wakikwambia mwende hospitali kubwa zaidi, nendeni siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo kina mama wengi husita. Nimesikia mara nyingi: "Huko watajifunzia kwa mtoto wangu." Hofu hiyo naielewa, kwa hiyo acha nikueleze. Betri hutolewa mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Daktari hupitisha mdomoni mpira au bomba lenye taa, akaishika betri kwa koleo ndogo. Hakati tumbo. Na siku hizi mafunzo ya upasuaji hutumia vifaa vya kuigiza kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa. Kuna sanduku lenye kamera ambamo mwanafunzi hushika vitu vidogo kwa koleo huku akitazama kioo. Kuna pia mashine za kufundishia upasuaji wa roboti: daktari huketi, hushika vishikio, huhamisha pete kutoka kigingi kimoja hadi kingine, na mashine humhesabia muda na kila alipogonga pasipotakiwa. Akikosea, hakuna anayetokwa damu, anarudia. Jirani zetu wa Rwanda walifunguliwa kituo cha mafunzo ya namna hii, IRCAD Africa, mjini Kigali mwaka 2023. Roboti yenyewe haiamui chochote, hufuata mikono ya daktari. Na betri ya mtoto wako haihitaji roboti. Inahitaji ufike mapema.

Una haki ya kuuliza: nani atamtoa betri, na nani mwenye uzoefu atakuwa kando yake? Uliza huku karatasi ya idhini ikiwa mkononi, usiulize ukiwa nyumbani.

Jambo la mwisho, na wengi hulisahau. Betri ikishatolewa, kidonda hubaki. Kwa wiki kadhaa baadaye, mtoto akitapika damu, hata kidogo, au akienda choo cheusi kama lami, mrudishe hospitali hapo hapo, iwe mchana au usiku, na uwaambie alimeza betri.